Wanafunzi wanaojinyima chakula: niliwapa somo, hali ikazidi. Sasa nataka kujaribu vikundi vya mtandaoni

MwalimuWaBweni (mleta uzi)

Hodi wanajamvi. Uzi ni mrefu. Mwenye kijana wa kike au wa kiume kati ya miaka 12 na 25 naomba ausome mpaka mwisho.

Nafundisha Baiolojia kwenye sekondari ya wasichana ya bweni mkoani Tanga, na nimekabidhiwa pia dawati la malezi na ushauri. Miaka mitatu iliyopita binti wa kidato cha tatu alianguka mstarini mara mbili ndani ya wiki moja. Alipopelekwa zahanati wakaandika vidonda vya tumbo, akapewa dawa, akarudi darasani. Baada ya mwezi akaanguka tena, wakaandika vilevile. Aliyegundua ni matroni. Alinifuata ofisini akasema, "Mwalimu, huyu mtoto sahani yake ya bwaloni anaigawa yote. Nimemwangalia wiki tatu. Hali."

Binti huyo alipoingia kidato cha kwanza alikuwa na mwili mkubwa, wenzake wakimwita bonge nyanya. Likizo moja akarudi amepungua, shule nzima ikamsifia. Na mimi nilimsimamisha koridoni nikamwambia, "Umependeza." Neno hilo linanirudia mpaka leo.

Alipotibiwa na kupata nafuu niliona ni wajibu wangu kuwakinga waliobaki. Nikamwalika muuguzi, tukawakusanya wanafunzi wote ukumbini, tukawaeleza kila kitu kwa saa nzima na nusu: anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) ni nini, bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) ni nini, wagonjwa hufanya nini kwa siri, moyo unaathirikaje, meno yanaharibikaje, hedhi inakatikaje. Nilitoka pale nimeridhika. Haikupita miezi miwili, matroni akaniletea wasichana watatu ambao kabla ya hapo hawakuwa na shida yoyote ya kula. Mmoja aliniambia bila kuficha, "Nilisikia kule ukumbini, mwalimu."

Nimesoma sana tangu siku hiyo. Nimejua kwamba yaliyonikuta yaliwahi kuwakuta watu wenye elimu kubwa kuliko yangu. Mwaka 1997 Traci Mann na wenzake walichapisha matokeo ya somo kama langu walilowapa wasichana wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walileta wanafunzi waliowahi kuugua na kupona, wakasimulia. Baada ya wiki kadhaa, waliohudhuria walikuwa na dalili nyingi kidogo kuliko ambao hawakuhudhuria. Kusimulia ugonjwa kuliufanya uonekane kitu ambacho watu wa kawaida, tena wazuri na wenye akili, wanakipitia na kutoka.

Chuo hichohicho kilikuwa na timu nyingine, ya C. Barr Taylor, iliyotengeneza programu ya intaneti ya wiki 8 iitwayo Student Bodies. Majibu yao ya mwaka 2006 yalitokana na kuwafuatilia wasichana 480 wa vyuo vya California waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu uzito na umbo lao. Kwa ujumla programu haikupunguza wagonjwa wapya kiasi cha kutosha kujivunia. Ila walipowatazama peke yao waliokuwa wanene tangu mwanzo, wale walioifuata programu hakuna aliyeugua ndani ya miaka 2, na katika kundi la kulinganishia, yaani wasiopewa programu, waliugua kama 12 katika kila 100. Niliposoma hapo nilimkumbuka binti yangu wa mstarini. Ni mtoto kama yeye hasa ambaye programu ile ingemfaa.

Kisha Australia, Chuo Kikuu cha Flinders pale Adelaide, kuna programu ya mtandaoni ya sehemu 9 inayoitwa Media Smart-Targeted, ya wanawake wa miaka 18 hadi 25. Mwaka 2018 Simon Wilksch na Tracey Wade walionyesha kwamba baada ya miezi 12 walioipata walikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua kwa asilimia 66 kuliko wasioipata.

Kwa hiyo kinga ipo, na inaweza kupita kwenye simu. Ninachouliza: kuna yeyote hapa aliyewahi kuiona ikifanywa kwa Kiswahili, kwa watoto wetu? Na kama haipo, nani yuko tayari tuianze?

MzeeWaLushoto

Mwalimu, nimesoma yote na kazi yako naiheshimu. Niruhusu nitofautiane nawe. Sisi tumekua tukijua mnene ni mwenye neema. Mwembamba ndiye aliyechekwa, tulimwimbia "kimbaumbau mwiko wa pilau" mpaka analia. Bibi harusi alifungiwa ndani ale anawiri. Mtu akikonda aliulizwa anaumwa nini. Utamaduni huo si ngao tosha? Naogopa ugonjwa huu ni wa kwao, na hizo programu ndizo zitakazouleta. Wewe mwenyewe umesema somo lako liliwafundisha.

MwalimuWaBweni

Shikamoo mzee. Hofu yako ndiyo yangu, ndiyo maana sitaki tena kusimama ukumbini.

Kuhusu ngao ya utamaduni, naomba nikupeleke Fiji. Kule nako mwili mkubwa ulisifiwa, na mgeni aliyekataa kula aliwavunjia heshima wenyeji. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, daktari wa akili ambaye pia ni mwanaanthropolojia kutoka Harvard, aliwapima wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kufika, akapima tena wengine wa rika hilo mwaka 1998. Waliokuwa na alama za juu za tatizo la ulaji walikuwa asilimia 12.7, wakafika 29.2. Waliojitapisha ili wapunguze uzito hawakuwapo kabisa mwanzoni, miaka 3 baadaye wakawa asilimia 11.3. Ngao ilikuwepo, mzee. Ilidumu miaka 3.

Na hapa kwetu ugonjwa haujasubiri programu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Tanzania kwa wasichana na wanawake 214 wa miaka 13 hadi 30, maswali yakiwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Walikutwa wachache wenye ugonjwa kamili. Mwaka 2007 hata simu za kupangusa vijana wetu hawakuwa nazo.

MamaFatu_Msa

Mwalimu, Mungu akulipe. Mimi niko Mombasa na haya ni ya nyumbani kwangu.

Binti yangu ana miaka 16. Mwaka jana Ramadhani alifunga vizuri, tukafurahi. Ramadhani ikaisha, akafunga sita za Shawali, nikasema maashallah. Kisha Jumatatu na Alhamisi. Kisha akasema analipa za zamani. Kisha kila siku. Magharibi akifuturu ni tende moja na maji, akisema ameshiba. Nilikuwa nikijivunia kwa majirani kwamba mwanangu ni mcha Mungu. Mama mzima, macho ninayo, sikuona.

Bibi yake alisema ni jini, tukasomewa. Hospitali ya kwanza wakasema damu imepungua. Ya pili alikuwapo daktari mmoja kijana, alimtizama usoni, akaona mashavu yamefura kama ya anayejitapisha, akatuomba tutoke abaki naye. Alipotuita ndani akatuambia potasiamu, madini ya damu yanayouwezesha moyo kudunda, imeshuka kiasi kwamba moyo ungeweza kusimama wakati wowote. Alilazwa siku kumi na moja.

Sheikh wa mtaa wetu ndiye aliyenisaidia kumwondoa kwenye saumu. Alikuja mpaka kitandani akamwambia kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake kula, na kujidhuru kwa jina la ibada si ibada. Kwa mama yake hakusikia, kwa sheikh alisikia.

Sasa naitaka hiyo programu. Mwanangu aingie lini?

MwalimuWaBweni

Mama Fatu, pole sana, na hongera kwa kumfikisha hospitali. Nakujibu kwa uwazi: Fatu asiingie. Programu hizi ni kinga, kwa ambao hawajaugua au wameanza tu kuchukia miili yao. Yeye anahitaji tiba: daktari anayempima damu na moyo, mshauri wa akili, na ninyi nyumbani mkisimamia chakula. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Kikundi cha WhatsApp hakitoshi hapo, na mtu akikwambia kinatosha usimsikilize.

Wengine wote mnaosoma: mtoto akizimia, moyo ukimwenda mbio au kurukaruka, akitapika damu, akikataa hata maji, au akisema hataki kuishi, ni hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116 bure, Tanzania na Kenya, ni namba ya kuwasaidia watoto.

Muuguzi_Goteborg

Habari za huko nyumbani. Mimi ni mtu wa Kigoma, nauguza Uswidi mwaka wa tisa sasa. Mwalimu umezitaja Stanford na Adelaide, niongeze la huku kwetu, maana naona ndilo linalokaribiana na unachokitafuta.

Kuna programu inaitwa Body Project, ya mwanasaikolojia Eric Stice wa Marekani. Msingi wake ni wazo la mwanasaikolojia mwingine, Leon Festinger, la mwaka 1957: mtu akisema mbele za watu, kwa hiari yake, jambo linalopingana na anachokiamini, hatulii. Ama aikane kauli, ama abadili imani. Mara nyingi imani ndiyo inayohama. Kwa hiyo wasichana hawaambiwi chochote kuhusu ugonjwa. Wanaulizwa: jamii inasema msichana mzuri awe vipi? Anayefukuzia umbo hilo analipa gharama gani? Nani anapata faida? Wao ndio wanaojibu, wao ndio wanaobishana, wao ndio wanaomwandikia barua mdogo wao wa kufikirika kumtoa kwenye mbio hizo. Mwongozaji anauliza tu, na wakati mwingine anajifanya yeye ndiye anayetaka kukonda, wamshawishi wao aache.

Stice aliijaribu kwa njia kadhaa: vikundi vya ana kwa ana vikiongozwa na wataalamu, vikundi vikiongozwa na wanafunzi wenzao, na toleo la intaneti ambalo msichana analifanya peke yake kwenye kompyuta. Vikundi vya wanafunzi wenzao vilizuia zaidi wagonjwa wapya kuliko lile la kompyuta. Mtu akiwa peke yake na skrini anabonyeza "endelea" mpaka mwisho, au anaacha njiani. Tatizo la walioacha njiani linazikuta karibu programu zote za namna hiyo.

Uswidi, Ata Ghaderi wa Karolinska, chuo cha udaktari cha Stockholm, alishirikiana na Stice, wakaviweka vikundi hivyo kwenye video. Wasichana wapo kila mmoja chumbani kwake, wanaonana usoni, kuna mwongozaji, wanazungumza. Waliingia wasichana 443 wa miaka 15 hadi 20. Kundi la kulinganishia walipewa kazi ya kuandika mambo yanayowasumbua. Katika miaka 2 ya kufuatiliwa, waliougua kwenye vikundi vya video walikuwa 3, kwenye kundi la kuandika 13. Ilichapishwa 2020. Nikiwa wodini nikiwaona watoto wa miaka kumi na minne wenye mirija puani, huwa najiambia saa chache za video ni bei ndogo sana.

MwalimuWaBweni

Muuguzi, umenipa kitu nilichokuwa nakitafuta bila kujua jina lake. Sisi watu wa pwani tunalo jambo la karibu na hili: somo au kungwi na mwali wake, chumba kimefungwa, mazungumzo ya wanawake. Lakini kungwi husema, mwali husikiliza. Humu mwali ndiye anayesema. Nadhani hapo ndipo nilipokosea ukumbini, nilizungumza mimi dakika tisini na wao hawakuzungumza hata moja.

Binti_wa_Dom

Naandika kwa mara ya kwanza humu. Nina miaka 22, nipo chuo Dodoma.

Yote yalianzia kwenye simu. Niliangalia video moja ya dada anayeonyesha anachokula kwa siku, nikaimalizia. Kesho yake zikaja tano. Baada ya wiki kurasa zote zilizokuja kwangu zilikuwa miili: kabla na baada, tumbo kabla ya chai ya kukondesha na baada yake. Sikuzitafuta, zilinitafuta. Nilikuja kusoma nyaraka za Facebook, wenye Instagram, alizozitoa mfanyakazi wao wa zamani Frances Haugen mwaka 2021, ambamo kampuni yenyewe iliwauliza wasichana, na asilimia 32 ya waliokuwa wanajisikia vibaya kuhusu miili yao walisema Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi. Nililia. Nilidhani ni mimi peke yangu niliye dhaifu.

Nataka kusema jambo ambalo sijaliona kwenye hizo tafiti za Wazungu. Hosteli tulikuwa wanne chumba kimoja. Mimi nilitaka kuwa modo, najinyima. Mwenzangu wa kitanda cha juu alitaka umbo namba nane, alikuwa anameza vidonge vya kuongeza hips alivyouziwa na dada wa mtandaoni, uso ukavimba, akawa analala mchana kutwa. Mimi na yeye tulioneana huruma, kila mmoja akiona mwenzake ndiye mgonjwa. Leo naona tulikuwa tunaumwa kitu kimoja. Programu ikija kutuambia "msitake kuwa wembamba" itamwacha yeye nje.

Nimepona, ni mwaka na miezi saba. Nikiitwa kusimulia, nitakuja.

KijanaWaMazoezi

Dada, ahsante kwa ujasiri. Niseme la upande wetu, maana uzi mzima unasema wasichana.

Nipo kwenye jimu ya mtaani Temeke, nafundisha. Wanakuja madogo wa kidato cha nne wanataka kifua na siksipaki ndani ya miezi miwili. Wanakula mayai mabichi, wanajinyima wanga, wananunua unga wa protini usiojulikana umetoka wapi, na wapo wanaochomwa sindano za kujaza misuli. Dogo mmoja anavaa sweta joto lote hili kwa sababu anajiona mwembamba, na ni mkubwa kuliko mimi. Mvulana hawezi kwenda kwa mama akasema, "nauchukia mwili wangu." Atachekwa. Lakini kwenye simu, bila jina, angesema.

Fundi_Mitambo

Wadau, kwa upande wa ufundi. Vikundi vya video ni vizuri lakini bando linakula. Saa moja ya video ya watu wanane, mtoto aliyeko Kibondo mtandao unakatika. Kwa nini tusitengeneze roboti ya kuchati kwa Kiswahili, akili mnemba? Inajibu saa 24, haichoki, haisengenyi, mtu mmoja anaisimamia.

Muuguzi_Goteborg

Mdogo wangu Fundi, hiyo imeshatokea Marekani. Chama cha kitaifa kinachosaidia wagonjwa wa matatizo ya ulaji, NEDA, kilikuwa na laini ya msaada iliyohudumiwa na watu. Mwaka 2023 kikaamua kuifunga, huku roboti iitwayo Tessa ikibaki. Tessa ilijengwa mwanzoni na watafiti makini, majibu yake yakiwa yameandikwa na kukaguliwa na binadamu, na ilikuwa imejaribiwa. Mwishoni mwa Mei mwaka huo watu walioijaribu walionyesha kwamba inawapa wagonjwa ushauri wa kupunguza uzito na kuhesabu kalori. Kampuni iliyokuwa inaiendesha ilikuwa imeongeza uwezo wa kujitungia majibu. Wakaizima.

Fikiria Fatu ndiye angeiuliza Tessa.

Sisemi roboti haifai kabisa. Brazili walitumia moja iitwayo Topity, vijana wa miaka 13 hadi 18, kwa ushirikiano na UNICEF. Maneno yote yalipangwa kabla, na ilileta nafuu ndogo katika namna vijana walivyoiona miili yao. Indonesia walifanya video fupi sita za hadithi za wasichana wa kule kule, kwa lugha yao, wakazijaribu kwa wasichana karibu 2,000 wa miaka 15 hadi 19, zikasaidia. Video fupi bando dogo linazitosha. Kwa hiyo tunaweza kuchanganya. Ninachokataa ni mashine inayotunga majibu yake yenyewe kwa mtoto mgonjwa bila mtu kuona.

Fundi_Mitambo

Nimeelewa dada. Nafuta wazo la roboti. Basi nitafanya hivi: sauti badala ya video pale mtandao ukiwa dhaifu. Kikundi cha WhatsApp, maswali yanakuja kwa maandishi, wanajibu kwa sauti za dakika moja. Nimepima, saa moja ya hivyo inakula bando dogo sana ukilinganisha na video. Majina ya kubuni, namba za simu zitaonekana tu kwa mwongozaji, hilo nalo nalitafutia njia maana WhatsApp ya kawaida inaonyesha namba.

MzeeWaLushoto

Nimerudi. Nimesoma ya Mama Fatu mara mbili. Nina wajukuu wanne, mmoja ni mnene, na mimi ndiye ninayempa majina kila akija. Nilidhani ni mapenzi. Mwalimu, hiyo programu yako itakuwaje hasa? Eleza tuione.

MwalimuWaBweni

Ahsante kwa swali lako mzee, na kwa kusema hilo la wajukuu.

Kwanza tatizo la simu. Bwenini haziruhusiwi, na sitaomba sheria ibadilishwe. Kwa hiyo itakuwa likizo ya Desemba, wasichana wakiwa makwao, na hapo ndipo hasa walipo peke yao na simu. Wanane kwa kikundi. Jumamosi nne, saa moja kila moja. Mzazi anasaini kabla shule haijafungwa.

Jumamosi ya kwanza hakuna neno ugonjwa. Swali ni moja: siku hizi msichana mzuri anatakiwa aweje? Waseme wote. Najua watasema ngozi nyeupe, kiuno, hips, tumbo bapa, nywele, na nusu ya hayo yanapingana. Wataona wenyewe kwamba hakuna binadamu anayeweza kuwa modo na namba nane kwa wakati mmoja. Binti wa Dom, hilo ni lako, nimelichukua kama lilivyo, ndilo litakalotufaa kuliko nilichokisoma kokote. Halafu: nani anauza chai, vidonge, mikanda na krimu? Bei gani? Tupige hesabu ya mwaka mzima kwa shilingi, kwa sauti.

Kazi ya nyumbani ni barua kwa mdogo wako wa darasa la sita ambaye ameanza kuogopa kula. Jumamosi ya pili wanazisoma. Hapo ndipo ninapotarajia kimya na machozi, na mwongozaji asiyakimbie.

Ya tatu nitajifanya mimi ndiye ninayetaka kuacha kula mpaka harusi ya dada yangu, wanishawishi. Nitabisha kweli. Na tutajibu salamu zetu. Hizi za "umenenepa, mambo mazuri", "mbona umekonda, unaumwa?", "punguza mwanangu, nani atakuoa?" Kila msichana aandae jibu la heshima, maana shangazi hajibiwi ovyo. Nimeanza kukusanya: "Nipo salama shangazi, habari za nyumbani?" Ukishajibu hivyo mazungumzo yamehama.

Ya nne ni kila mmoja kuchagua tendo moja dogo atakalolifanya shuleni akirudi. Na kusafisha simu: kila anayekufanya ujichukie, acha kumfuata, papo hapo, wote pamoja.

Kabla ya kuanza kila msichana atajibu maswali machache kwangu faraghani. Atakayeonyesha dalili za ugonjwa hataingia kikundini, nitazungumza na mzazi na kumpeleka kwa daktari. Muuguzi wa Goteborg amekubali kuyapitia maswali hayo. Na ndani ya vikundi hakuna kutaja kilo, hakuna kutaja njia za kukonda, hakuna picha za kabla na baada. Anayeteleza anasimamishwa kwa upole.

Wavulana nao wanahitaji kikundi chao. Sitaki kuwachanganya, hawatasema.

KijanaWaMazoezi

Cha wavulana nakichukua, ukinifundisha kuongoza. Madogo sita ninao tayari. Watakuja kwa sababu wananiamini, si kwa sababu ya mwili wangu, na hilo ndilo nitakaloanza nalo.

MamaFatu_Msa

Na sisi wazazi? Nyumbani kwangu kila mgeni akija neno la kwanza ni mwili wa mtoto. Fatu ameanza kula na sisi mezani tangu wiki mbili, bado kidogo kidogo. Juzi wifi yangu aliingia akasema, "Alhamdulillahi umejaza mashavu." Kwa nia njema. Fatu akaweka kijiko chini, hakukiinua tena siku ile.

MwalimuWaBweni

Mama Fatu, nitaandika ujumbe mmoja mfupi wa wazazi, usambazwe kwenye magrupu ya familia. Nisaidie kuuandika. Uanze na hilo la wifi na kijiko, bila kutaja majina, kama ukiniruhusu.

MamaFatu_Msa

Ruhusa unayo.

Binti_wa_Dom

Mwalimu, mimi hujanijibu. Nilisema nitakuja kusimulia.

MwalimuWaBweni

Binti yangu, nimekaa na jibu lako siku mbili kwa sababu sitaki likuumize. Simulizi yako sitaiweka mbele yao. Stanford walioleta simulizi walikuwa kama wewe, wamepona, wana nia safi, na wasikilizaji walitoka na dalili zaidi. Yale uliyoyapitia ni ya kwako na ya daktari wako, na humu jukwaani umeyasema vya kutosha, umetusaidia watu wazima.

Ninachokuomba ni kigumu zaidi ya kusimulia. Nataka uongoze kikundi. Uulize maswali na usijibu. Msichana akisema jambo unalolijua mpaka mifupani, unyamaze, umwachie mwenzake amjibu. Muuguzi atakuwa nawe kila Jumamosi jioni kwa simu baada ya kipindi, na wiki yoyote ukiona linakuvuta nyuma unaniambia, namchukua mwingine, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Zungumza kwanza na anayekutibu. Akikataa, nami nakataa.

Binti_wa_Dom

Nimeongea naye leo mchana. Amekubali, ila ametaka namba ya Muuguzi na amesema mimi na yeye tutaonana kila wiki badala ya kila mwezi mpaka Desemba iishe.

Kikundi changu kina nani?

MwalimuWaBweni

Wanane wa kidato cha pili. Wawili Tanga mjini, mmoja Handeni, mmoja Kibondo kwa mtandao wa sauti tu, wanne Dar. Kipindi cha kwanza ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa Desemba, saa kumi jioni. Fundi, mtoto wa Kibondo naomba umjaribie laini kabla.

Fundi_Mitambo

Nimeshamjaribia asubuhi hii na mama yake. Sauti inafika vizuri akikaa chini ya mwembe, ndani ya nyumba haifiki. Mama kasema atamwekea kiti.